Mama Bilkisi Aliyechimba Shimo la Mvua

Ukienda nyuma ya nyumba ya Mama Bilkisi, shika kitu kwanza. Shika nguzo ya kamba ya nguo, au shika bega la mtu, halafu ndipo uangalie chini. Kule chini utaona mpapai mzima. Ulitelemka na udongo wake msimu uliopita, ukasimama huko kana kwamba ndiko ulikopandwa, na mpaka leo unazaa. Mapapai yanaiva na hakuna mkono unaoyafikia. Kutoka juu, mti ule unaonekana mdogo kama shina la lengalenga, yaani mchicha. Hilo ndilo korongo ambalo watu wa avenue Lufira wanaliita ravini.

Mama Bilkisi aliliangalia kila asubuhi baada ya sala, wakati ukungu ungali umelala ndani yake. Aliliogopa. Lakini pia, na hili hakumwambia mtu, alilistaajabia. Kuta zake zilipangika rangi kama vitenge dukani: nyekundu, njano, nyeupe ya unga wa muhogo, halafu nyekundu tena iliyokolea kama ini. Nani alijua kwamba watu wa kata hii ya Dilala wanatembea kila siku juu ya rangi zote hizo?

Ila mshangao haushiki ukuta. Ravini ilikuwa imekula ua wa matete, ikala banda la kuku, ikala bafu. Kati ya ukuta wa chumba cha kulala na ukingo ilibaki nafasi ya kutandika mikeka miwili tu. Ndani ya chumba hicho walilala yeye, binti yake Nafisa, na mtoto mchanga wa Nafisa ambaye alikuwa bado hajaota jino. Ikija mvua nyingine kama ile ya mwaka jana, nyumba itaufuata mpapai. Hilo kila mtu alilijua, na wa kwanza kulijua alikuwa Bilkisi mwenyewe.

Alizaliwa hapa Kolwezi, mji wa migodi, ingawa ukoo wake ni wa Kasongo, kule Maniema. Baba yake, Mzee Hamadi, alikuja na lori la chumvi na samaki wakavu. Lori likafa, yeye akabaki. Bilkisi akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akaingia kazi ya kuosha mawe. Miaka mingi alisimama mtoni, maji yakimfika kiunoni, akitikisa mawe ya shaba na kobalti waliyoyachimba vijana, mpaka tope liondoke na uzito ubaki. Kazi ile ilimwachia vitu viwili: magoti mabovu na nyumba. Matofali ya nyumba ni ya udongo wa kichuguu, yalichomwa palepale uwanjani, na hakuna hata moja ambalo halikupita mikononi mwake. Ndiyo maana walipomwambia ahame alijibu, "Nihame na nini? Nyumba haina miguu."

Watoto wa avenue walimwita Mama Subhana, kwa sababu neno "Subhanallah" halikukauka kinywani mwake. Akiona inswa, wale kumbikumbi, wanatoka ardhini na mabawa yao mapya, Subhanallah. Akiona lori la migodi lenye magurudumu mengi kuliko miguu ya jongoo, Subhanallah. Angeweza kusimama njiani na kikapu kichwani, samaki anaowauza siku hizi wanachelewa soko, kwa sababu tu siafu wanavuka barabara wakiwa wamebeba mende mzima.

"Mama, batu banaona," Nafisa angesema kwa haya.

"Waache baone. Na bo baangalie siafu."

Lakini hakuna kilichomshangaza kama mvua, jinsi ilivyogeuka kuwa mtu mwingine. Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilibisha hodi. Ilianza na manyunyu ya kulaza vumbi, inswa wakaruka, kina mama wakapanda mahindi, kisha ndipo ikaingia sebuleni na kukaa. Siku hizi jua linawaka Oktoba nzima, linaingia Novemba na vumbi jekundu mpaka kwenye chumvi. Miti ya kuvunja upepo imeshageuka makala, mkaa wa kupikia, na magunia ya makala sasa yanatoka mbali, upande wa Mutshatsha. Halafu, mchana mmoja tu, mbingu inamwaga kwa mara moja kile ilichokuwa inakigawa mwezi mzima. Ukisimama chini ya bati huwezi kumsikia mtu aliye ubavuni mwako.

Mwaka huo alikuja Madame Myriam, mwanamke kijana wa idara ya mazingira ya mji, akakutanisha watu wa avenue katika darasa la shule. Akachora ubaoni paa, akachora mvua, akachora shimo.

"Mawingu hatuwezi kuyafunga," alisema. "Lakini kila bati ni muto mudogo. Mayi ya bati yako, ishike mu lupango yako, mu kiwanja yako. Chimba shimo mu njia ya mufereji yako, mbali na ukuta, kina yake isipite bega, ujaze mawe. Mayi itaingia, itatulia, itakunywewa na udongo. Kila nyumba ikifanya vile, ravini itakosa chakula."

Watu wakapiga makofi sana. Wakanywa sukre yao, soda za bure, wakashukuru, wakaenda nyumbani, na hakuna aliyechimba hata shimo la kuzikia paka.

Usiwalaumu haraka. Avenue Lufira ina desturi yake. Kila mwaka kabla ya mvua, siku ya salongo, kazi ya pamoja, kila mwenye nyumba anatoka na jembe na kusafisha mfereji unaofukuza maji ya lupango yake mpaka barabarani. Mtu anajulikana kwa mfereji wake. Maji yakisimama uwanjani kwako watu wanasema wewe ni mvivu, unafuga mbu, unawatafutia jirani malaria. Kwa hiyo kumwambia mtu wa avenue Lufira ayaweke maji nyumbani kwake ni sawa na kumwambia aweke takataka kitandani.

Bilkisi peke yake ndiye aliyelala akiwaza ule mchoro. Mwaka jana alikuwa amenyeshewa akiwa anapanda kutoka chini, na alikuwa ameona kitu bila kukielewa. Kule juu kabisa, mbele ya lango la rafiki yake Agnès, maji ya barabara yalimfika kwenye kifundo cha mguu. Katikati ya avenue yalifika gotini. Huku chini kwake yalikuwa yanasukuma pikipiki. Mvua ilikuwa moja, barabara moja. Sasa aliyahesabu yale mabati kwa macho ya kichwani, bati moja baada ya jingine, kila moja na mfereji wake uliosafishwa vizuri, kila moja linaongeza kikombe chake, na kikombe cha mwisho kinamiminwa nyuma ya chumba anacholala mjukuu wake. Kumbe ravini haikutumwa na mchawi. Ilikuwa inalishwa na usafi!

"Subhanallah," alisema gizani, na Nafisa akamwambia alale.

Asubuhi akaanza kupita mlango kwa mlango. Alianzia kwa Tata Kabeya, shefu wa avenue, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani, ambaye mfereji wake ulitiwa simenti na kusuguliwa kama sahani.

"Mama Bilkisi," alisema Kabeya, "huu mufereji, batu banatoka mpaka Manika kuuangalia. Njo unataka niuzibe?"

"Si kuuziba, Tata. Uugeuze kidogo, umwage mu shimo."

"Mayi ya mvua haina mwenye. Ikitoka kwangu, iko ya barabara."

"Na ikifika kwangu, Tata?"

Kabeya akajikuna sikio. "Kwako... iko ya Mungu."

Mlango wa pili walicheka. Mlango wa tatu walimuuliza kama anataka walale na vyura. Chini kwake hakuweza kuchimba, maana kuchimba karibu na ukingo ni kuisaidia ravini kutafuna. Basi akapanda mpaka juu, kwa Agnès, aliyekuwa anageuza mikate kwenye mafuta.

"Dada, nikopeshe lupango yako."

Agnès alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugeuza mikate. "Chimba," alisema. "Lakini ukiniangushia choo, mi na batoto bangu tutakuya kulala kwako ku ravini."

Bilkisi akavaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya kitenge, akafunga kichwa, akasema bismillahi, akaanza kuchimba katikati ya mfereji wa Agnès. Udongo wa juu ulikuwa laini, chini ukawa mgumu. Alichimba, akapumzika, akachimba. Kando yake kilundo cha udongo mwekundu kilianza kunyanyuka, kina vijiwe vyeusi vyeusi ndani yake.

Hapo ndipo alipopita Gloire. Gloire ni kijana wa Kasai, mchimbaji wa migodini, anayepanga chumba kwa Tata Kabeya. Alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mama Bilkisi, unachimba nini?"

"Mayi."

"Mayi? Kisima?"

"Hapana. Shimo ya mayi ya mvua."

Gloire akacheka kwa adabu. Akainama, akaokota kijiwe cheusi, akakitemea mate, akakisugua na kidole gumba na kukigeuza juani. Kisha akaangalia huku, akaangalia kule, akakitia mfukoni.

"Kazi njema, Mama," alisema, na akatelemka avenue akitembea haraka mno kwa mtu asiye na haraka.

Bilkisi alikiona kile kijiwe kikiingia mfukoni, na moyo wake ukasema, uwi. Maana mtu wa kwingine akiona shimo anaona shimo. Mtu wa Kolwezi akiona shimo anaona matieri, ndiyo hayo madini. Nani hapa hajasikia habari ya yule aliyekuwa anachimba choo akakuta kobalti, na majirani wakachimba sebule zao mpaka vitanda vikaning'inia? Habari ile inasimuliwa kwa watoto kama hadithi ya sungura.

Kabla ya alasiri, avenue nzima ilikuwa inalia chuma. Ko! Ko! Ko! Bilkisi aliacha jembe akatoka barabarani, na alichokiona kilimfanya ashike mdomo. Watu waliokataa shimo la maji walikuwa wanachimba! Baba aliyeuliza habari za vyura alikuwa kifua wazi, jasho linamtiririka. Na wote, wote kabisa, walikuwa wanachimba ndani ya mifereji yao. Kwa nini? Kwa sababu mchimbaji anafuata mshipa wa madini, wenyewe wanauita filo. Gloire alikuwa amewaelekeza kitaalamu: shimo la Mama Bilkisi liko kwenye mfereji wa juu, mfereji unashuka, basi filo ya mawe nayo inashuka na mifereji.

Hata Tata Kabeya! Alikuwa amevunja simenti yake mwenyewe kwa mtaimbo, ile simenti ya kuonyesha watu wa Manika.

"Tata Kabeya!" Bilkisi aliita kutoka langoni. "Haiko matieri! Mi nilichimba shimo ya mvua!"

"Sawa, Mama, haiko," alijibu Kabeya kwa sauti kubwa, ili barabara isikie. Halafu akamsogelea na kunong'ona, "Tusikilizane. Weye uliosha mawe miaka na miaka. Jicho yako haidanganyike. Iko chini metre ngapi?"

"Tata, ni mvua."

"Mvua, sawa. Na hiyo mvua, iko na rangi gani?"

Bilkisi alitaka kucheka, akataka pia kulia. Alipita malango yote akisema ukweli, na kadiri alivyousema ndivyo majembe yalivyozidi kasi. "Unaona namna anakatala?" watu walisemezana. "Mutu hakatale hivi bila kitu!"

Njiani akasimama. Wazo moja lilimjia tamu kama asali: nyamaza tu, Bilkisi. Si wanachimba? Si ndicho ulichotaka? Lakini alikuwa ameona mashimo mengi mno maishani. Alikuwa amesimama mtoni siku vijana watatu walipofunikwa na udongo, na mawe yao ya jana yalikuwa bado mikononi mwake, hayajamaliza kuoshwa. Akageuka, akapaza sauti kama muadhini.

"Sikilizeni! Mimi nasema haiko matieri. Lakini kama munachimba, muchimbe mbali na ukuta, na musipite bega! Bega! Mwenye kupita bega ataua watu!"

Majembe yakasimama. Kisha mnong'ono ukakimbia kutoka lango hadi lango: "Amesema bega. Iko ku bega!"

Basi wakachimba mpaka begani, na mbali na ukuta, kila mmoja, kwa utii ambao Madame Myriam hakuupata kwa chaki yake yote. Na walipofika begani, wakakuta udongo. Udongo mwekundu, na mizizi, na soli ya kiatu cha zamani. Gloire alikipeleka kile kijiwe chake kwa mnunuzi, na mnunuzi akakirusha juu, akakidaka, akamrudishia. Ilikuwa changarawe ya kawaida, ile iliyomwagwa barabarani zamani.

Ee, ulimi wa watu! Kesho yake Mama Bilkisi aliposhuka na kikapu chake hakuna aliyemsalimu. "Mama Subhana ametuchezea," walisema. "Ametuvunjisha migongo." Hata watoto waliacha kumuita. Na Tata Kabeya, ambaye simenti yake ilikuwa vipande vipande, alitangaza: salongo ya Jumamosi, kila mtu afukie shimo lake, mfereji urudi kama zamani, na Mama Bilkisi awepo na jembe lake, awe wa mwisho kuondoka.

"Tata, ngojeni mvua moja tu," Bilkisi alimwomba. "Moja tu. Nyumba yangu iko na mikeka miwili."

"Mama, avenue si ya nyumba moja," alisema Kabeya, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka, na hilo lilimuumiza Bilkisi zaidi.

Jumamosi ikafika. Joto lilikuwa la kukausha mate. Kabeya, kama shefu, alitoa mfano: alilifukia shimo lake kwanza, akalikanyaga kwa mabuti, akarudisha vipande vya simenti juu kama mtu anayepanga meno. Jirani yake naye akaanza. Bilkisi alisimama na jembe lake, na mikono ikakataa kunyanyuka.

Ndipo kuku walipoanza kujificha.

Upande wa Mutshatsha mbingu ilikuwa nyeusi, si nyeusi ya wingu bali nyeusi ya sufuria. Upepo ukaja na vumbi, ukaja na karatasi, ukaja na shati la mtu. Halafu tone moja likapiga bati la Agnès, paa! Moja tu, zito kama jiwe. Watu wakatazamana. Na mbingu ikafunguka.

Kila mtu alikimbilia barazani kwake. Bilkisi alikimbia kutelemka, magoti yakilia, kwa sababu Nafisa na mtoto walikuwa ndani. Aliwakuta wamesimama katikati ya sebule, Nafisa amemfunga mtoto kifuani kwa kitenge, macho yake yameganda kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Bilkisi akawatoa mpaka barazani, mahali ambapo wangeweza kuruka barabarani kama lolote litatokea. Kisha akageuka kuangalia juu ya avenue, kusubiri mto.

Mto haukuja.

Mvua ilikuwa inapiga kama watu elfu wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, kwa pamoja. Kila bati lilikuwa linatapika. Maji yalitoka katika kila lupango, yakashika mfereji kwa hasira zake za kila mwaka, yakafika kwenye shimo, na yakatumbukia. Kwa Agnès yalitumbukia. Kwa baba wa vyura yalitumbukia. Avenue nzima, kutoka juu mpaka chini, mvua ilikuwa inaanguka ndani ya matumbo ya ardhi, na barabarani yalikuwa yanatembea maji mafupi, mekundu, ya kwenye kifundo cha mguu.

"Mama," alisema Nafisa taratibu, "iko wapi mayi ingine?"

Bilkisi alishuka barabarani, akasimama ndani ya maji yale. Yalimfika kwenye kifundo tu, kama kule juu mwaka jana. Machozi yalikuwa yanamtoka na mvua inayafuta.

Mvua ile haikuwa mchezo. Mashimo yalijaa, yakaanza kufurika, na mto ukazaliwa hatimaye. Lakini ulizaliwa umechelewa, ukiwa mdogo, na mawingu yalikuwa yameshaanza kupasuka. Ulipita kando ya nyumba, ukaruka ndani ya ravini. Nyuma ya nyumba kulisikika ule mlio wanaoujua wote wanaokaa ukingoni, kama mzee anayejishusha kwenye kiti: huuuf. Nafisa akafumba macho. Sakafu ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia. Ukuta ulibaki wima.

Jua lilipotoka, watu walitoka nalo. Walizunguka mashimo yao kama watu wanaoangalia mtoto aliyezaliwa. Karibu kila lupango ilikuwa na duara la maji mekundu, na ndani ya kila duara lilikuwamo wingu jeupe linalotembea. Bilkisi alipanda avenue polepole, peku, na jembe lake, akiyachungulia moja baada ya jingine.

Kwa Tata Kabeya hapakuwa na duara. Udongo uliofukiwa asubuhi ulikuwa mlegevu, na maji yalikuwa yameukomba wote na kuutupa barabarani. Yalipokosa mfereji na kukosa shimo, yakajichagulia njia, yakakata mtaro mpya katikati ya uwanja mpaka kwenye pembe ya nyumba. Kabeya alikuwa amesimama, suruali imekunjwa, anaangalia mawe ya msingi wa nyumba yake ambayo hayakuwa yameona jua tangu yalipowekwa.

"Mama Bilkisi."

"Tata."

"Kwako namna gani?"

"Imekula mukeka moja. Nyumba iko."

Kabeya akatikisa kichwa. Akaweka mguu kwenye mtaro mpya, ukamfika chini ya goti. "Mvua moja tu imefanya hii," alisema kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. "Moja tu. Na weye unalala na ile ingine nyuma yako kila siku." Akautoa mguu. "Mi nilifikiri ravini iko chini kule. Kumbe inaanzia hapa kwangu."

Agnès, aliyekuwa amefika na mikono ya unga, hakuweza kujizuia. "Tata Kabeya, njo leo umepata filo!"

Watu wakacheka, na Kabeya mwenyewe akacheka, ingawa macho yake hayakutoka kwenye yale mawe. Bilkisi alimpa jembe lake.

"Tuchimbe sasa, Tata. Udongo iko laini. Mbali na ukuta, na isipite bega."

Asubuhi iliyofuata Gloire aliamka mapema kuliko wote, akaenda kuangalia shimo la Agnès, akapiga kelele. Watu wakaja mbio wakidhani ameona nyoka. Shimo lilikuwa tupu. Chini kulibaki tope laini tu, lenye mikunjo kama mgongo wa kobe.

"Mayi imeenda wapi?" Gloire aliruka ndani, akagusa chini, akagusa kuta, akalaza kiganja na kukiacha hapo. "Mama, sisi ku mugodi mayi njo adui. Ikiingia mu shimo tunaitosha, tunaitoa na ndoo mpaka mikono inakufa. Hii hakuna mutu aliitosha!"

Bilkisi alipiga magoti yake mabovu ukingoni mwa shimo, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Iko chini yako," alisema. "Jana ilikuwa inakimbia. Leo inatembea."

"Inatembea kwenda wapi?"

"Siyue, baba. Wallahi siyue." Na uso wake uling'aa, kwa sababu lilikuwa jambo kubwa, na yeye hakulijua, na lilikuwa linatendeka pale pale chini ya miguu yao. "Subhanallah," alisema, na safari hii watu kadhaa waliosimama pale, wa msikitini na wa kanisani, walilisema pamoja naye.

Siku hiyo Gloire na wenzake wa mgodini walileta mawe kwa toroli, yale ambayo hakuna mnunuzi anayeyataka, wakaanza kujaza mashimo kama Madame Myriam alivyochora. Watoto wakakatazwa kucheza karibu. Palipokosa mawe palifunikwa kwa mbao. Kabeya alipita lango hadi lango akifoka kwamba mawe makubwa yatangulie na madogo yafuate, kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua mvua. Kina mama wawili walikwenda kutafuta mizizi ya mianzi ya kupanda kwenye ukingo wa ravini.

Mama Bilkisi na Nafisa walikivuta kitanda kutoka chumba cha nyuma, wakakileta sebuleni, kikaziba mlango nusu. Msimu ulikuwa ndio kwanza umeanza, na mkeka mmoja ni mkeka mmoja. Nafisa akauliza kama watalala hivyo mpaka lini.

"Mpaka mianzi ishike," alisema mama yake.

Upande wa Mutshatsha kulikuwa kumeanza kunguruma tena, mbali, kama ngoma inayobururwa. Bilkisi akafunga kitenge chake vizuri, akachukua jembe, akatoka. Kati ya kwake na kwa Tata Kabeya kulikuwa na lupango moja ya mtu aliyesafiri kwenda Kisenge, na lupango ile ilikuwa bado haina shimo.